Mzee saa 2 anatembea vizuri, saa 5 hawezi kunyanyua kikombe. Parkinson ndo ilivyo au anatuchezea?

binti_mlezi

Habari zenu wakuu, poleni na majukumu. Nimekuja humu maana nyumbani tumeshaanza kugombana, nahitaji watu walioishi na hili jambo.

Baba yangu ana miaka 68, Parkinson alikutwa nayo miaka 5 iliyopita. Ilianza mkono wa kulia kutetemeka akiwa amekaa tu, akishika kitu unatulia, halafu mwandiko ukawa unasinyaa, anaanza mstari na herufi za kawaida akifika mwisho zimekuwa kama sisimizi. Alianzishiwa vidonge vya levodopa iliyochanganywa na karbidopa, anameza mara 3, saa 1 asubuhi, saa 7 mchana, saa 1 usiku. Miaka mitatu ya kwanza nisiseme uongo alikuwa vizuri, mtu mgeni asingejua anaumwa.

Shida imeanza kama mwaka sasa. Asubuhi akimeza, saa 2 ameshaamka kabisa, anatembea, anavaa mwenyewe, anatania watu. Ikifika saa 5 anazima, ndo neno ninaloliona mimi, anazima kama taa. Hawezi kuinuka kitini, kikombe hakinyanyuki, sauti inashuka mpaka uweke sikio mdomoni. Tunampa ya saa 7 pamoja na chakula cha mchana, tunahakikisha ameshiba maana tuliambiwa hii dawa ni kali usimeze na tumbo tupu, lakini siku nyingine hiyo ya mchana haifanyi kazi kabisa mpaka jioni. Usiku hawezi kujigeuza. Akifika mlangoni miguu inanata chini, mama anamvuta mkono, ameshaanguka mara mbili.

Sasa mdogo wangu wa kiume anasema mzee anajifanya. Hoja yake ni kwamba wageni wakija anasimama kuwasalimia fresh tu, wakiondoka hawezi kitu. Na kuna jirani ametuambia tusikubali kuongezewa dozi, eti mwili ukizoea mapema baadaye hakutakuwa na dawa ya kumsaidia. Mimi nimechoka kuwa hakimu. Naombeni mwongozo.

MkonoWaKushoto

Pole sana dada. Mi ni mgonjwa mwenyewe, mwaka wa 11 huu, nilikutwa nayo nikiwa na miaka 46, kwa hiyo nakujibu kutoka upande wa ndani. Naandika sasa hivi maana niko kwenye saa zangu nzuri, nisipomaliza mtanisamehe.

Kwanza mwambie mdogo wako, kwa upole lakini mwambie, mzee hajifanyi. Hicho unachokiita kuzima hata sisi ndo tunaita hivyo hivyo. Ubongo wa mtu mwenye Parkinson seli zinazotengeneza dopamini zinakufa taratibu, na hiyo dopamini ndo inayofanya mwendo uanze bila wewe kufikiria. Levodopa ikiingia ubongoni inageuzwa kuwa dopamini. Miaka ya mwanzo seli zilizobaki zinaweza kuiweka akiba na kuitoa kidogo kidogo, ndo maana mara 3 kwa siku zinatosha na huhisi mapengo. Zikizidi kupungua hakuna tena pa kuhifadhi, unaishi kwa dozi iliyoko kwenye damu, na levodopa kwenye damu haikai, ndani ya saa moja na nusu hivi nusu yake imeshaondoka. Sasa hesabu, kutoka saa 1 mpaka saa 7 ni masaa 6. Dawa inambeba mpaka saa 5. Hayo masaa mawili katikati mnamwacha bila kitu halafu mnashangaa.

Na nikueleze kuzima kulivyo maana watu wanadhani ni uchovu. Sio uchovu. Unataka kuinua mkono, akili imeshatoa amri, mkono unaujua uko pale, lakini ni kama amri imefika ofisini ikakuta wamefunga. Na wakati huo huo uso umekauka, huwezi hata kuonyesha kwamba umekasirika, kwa hiyo mtu anakuangalia anaona kama hujali. Mi mke wangu alishawahi kuniambia "hata hunisikilizi" na mimi ndani nilikuwa nalia.

Suala la wageni ni kweli linatokea na linatuponza sana. Msisimko, furaha, hofu, vinaweza kukupa nguvu ya muda mfupi ambayo dakika kumi kabla hukuwa nayo. Madaktari wanalijua hilo siku nyingi. Halafu baada ya hapo unalipa. Wageni wakiondoka mi nalala kama gunia. Kwa hiyo asiitumie kama ushahidi wa kesi.

Cha kufanya, nunua daftari. Siku tano au wiki nzima andikeni saa aliyomeza, saa alipowaka, saa alipozima, saa aliyokula na alikula nini. Na mtofautishe mambo mawili ambayo ndugu wengi wanayachanganya: kutetemeka na kukakamaa ni dalili kwamba dawa imepungua, lakini ile ya mwili kujinyonganyonga na kuchezacheza kama mtu anayecheza muziki usiosikika, hiyo mara nyingi inakuja dawa ikiwa juu kabisa. Mkienda kwa daktari mkasema tu "anatetereka tetereka" anaweza akaongeza wakati ilitakiwa apunguze. Daftari langu la kwanza lilimshtua hata daktari wangu, alidhani nazima mara moja kwa siku kumbe ni nne.

Na hilo la kumeza na chakula ndo limenigusa. Protini, yaani nyama, mayai, maziwa, maharage, ikimeng'enywa inatoa vitu vinavyopita mlango ule ule na levodopa, kuanzia utumbo mpaka kuingia ubongoni. Zikifika pamoja mlangoni dawa inabaki nje. Ndo maana ya mchana haiwaki. Mi nameza nusu saa kabla ya kula, au nikishakula basi nasubiri zaidi ya saa moja. Ikinichefua naishusha na kitu kikavu kisicho na protini. Lakini asije akaacha protini jamani, atakonda aishiwe nguvu, ni kupanga saa tu, wengine wanaihamishia zaidi kwenye mlo wa jioni.

tiba_asilia

Dada achana na makemikali hayo ndo yanayommaliza mzee. Mtafutie mbegu za upupu, saga unga, kijiko asubuhi na jioni. Mjomba wangu alikuwa hata hawezi kushika kijiko, mwezi mmoja tu akarudi shamba. Vidonge tulitupa vyote.

MtuWaDirishani

Nimekuwa napita kimya lakini hapa kwenye "tulitupa vyote" imebidi nivae miwani. Mi natoa dawa, kazi yangu ni dirishani, nitaeleza ninachokijua na daktari wa mzee ndo mwenye uamuzi.

Mkuu wa upupu, kwenye jambo moja uko sahihi na watu wengi hawalijui: mbegu za upupu kweli zina levodopa ndani yake, ile ile, na zimeshafanyiwa utafiti kwa wagonjwa wa Parkinson zikaonekana zinafanya kazi. Kwa hiyo mjomba wako kuamka sio miujiza. Alichofanya ni kubadilisha chupa tu, kemikali anayoikimbia ndo hiyo hiyo anayokunywa kwa kijiko. Tofauti ni kwamba kidonge najua kina miligramu 100, kijiko chako hujui kina ngapi, mbegu hazilingani, usagaji haulingani, na ndani yake hamna karbidopa. Karbidopa kazi yake ni kuzuia levodopa isigeuke dopamini ikiwa bado huku mwilini kabla ya kufika kichwani, bila hiyo unatakiwa kutumia nyingi zaidi na kichefuchefu kinakuwa kikubwa, presha inashuka. Sasa mtu aweke kijiko juu ya vidonge bila kumwambia daktari, ndo anaanza kujinyonganyonga na kuona watu ambao hawapo ukutani. Kama mtu anataka kutumia, amwambie daktari wazi, asifiche.

Na kitu kikubwa kuliko vyote kwenye hii posti nzima: dawa za Parkinson HAZIKATWI GHAFLA. Mtu akiacha siku moja kwenda nyingine anaweza akakakamaa mwili mzima, homa kali, kuchanganyikiwa, na watu wanakufa kwa hilo. Dawa ikikaribia kuisha kanunue kabla, usisubiri kile cha mwisho.

Hilo la jirani kuhusu kuzoea. Hii imani iko kila mahali na inawatesa wagonjwa bure, mtu anavumilia miaka anaweka akiba ya dawa kama hela ya mahari. Kuna utafiti ulilinganisha wagonjwa wa Ghana, ambao wengi walichelewa sana kuanza levodopa kwa sababu ya kukosa, na wagonjwa wa Italia walioanza mapema. Ukitegemea maneno ya jirani, wa Ghana wangepata nafuu ndefu zaidi bila mapengo kwa sababu "hawajazoea". Haikuwa hivyo. Huko kuzima na kujinyonganyonga kulikuja karibu muda ule ule ukihesabu tangu ugonjwa uanze, sio tangu dawa ianze. Kinachobadilika ni ugonjwa. Wa Ghana walichopata kwa kuchelewa ni miaka ya mateso tu. Dozi kubwa kupita kiasi nayo ina madhara yake, sisemi aongeze ovyo, nasema asinyimwe anayohitaji kwa sababu ya akiba ambayo haipo.

Dada swali moja, kuna dawa nyingine yoyote anayomeza mzee? Hata ya kichefuchefu au kizunguzungu, hata kama ni ya zamani, hata kama ni ya mama mnamgawia. Nitajie.

binti_mlezi

Asanteni mpaka nashindwa kusema. Nimemsomea mama yale maelezo ya amri kufika ofisini ikakuta wamefunga, akaenda kukaa karibu na baba bila kusema kitu.

@MtuWaDirishani umeniogopesha, nimeenda kukusanya vyote. Ana Plasil, alikuwa analalamika kichefuchefu tukapewa sehemu moja tulipokwenda, hiyo ni kama miezi minne anameza karibu kila siku. Na kuna sinarizini alipewa kwa ajili ya kizunguzungu, maana akisimama anaona giza. Pia ana dawa ya presha ya kupanda ya tangu zamani. Choo ni shida, anaweza kukaa siku nne.

MtuWaDirishani

Ndo nilikuwa nakitafuta hicho. Plasil, ambayo ni metoklopramidi, inazuia dopamini mpaka kichwani. Yaani kwa mkono huu mnamimina, kwa mkono huu mnaziba bomba. Inaweza kumfanya hata mtu mzima asiyeumwa akakamae na kutetemeka, sembuse mwenye Parkinson. Sinarizini nayo iko kwenye kundi la kuleta matatizo hayo hayo kwa wazee. Usisubiri kliniki ya mwezi ujao, piga simu au nenda kesho umwambie daktari anayemtibu, atakuambia namna ya kuziondoa na kama kichefuchefu bado kipo huwa kuna domperidoni, ambayo haiingii sana kichwani, ila nayo wanaangalia moyo kwanza. Nyingine za kukariri kwamba asipewe mkienda hospitali yoyote: haloperidoli na promethazini. Akichanganyikiwa usiku wodini hizo ndo mtu wa zamu atakazokimbilia.

Kizunguzungu cha kusimama na kuona giza hicho kinaweza kuwa presha inashuka akisimama, Parkinson yenyewe inafanya hivyo na levodopa inachangia. Mpimeni amelala, halafu mpimeni akiwa amesimama dakika moja mpaka tatu. Ile namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, mpelekeeni daktari hizo namba, huenda hiyo dawa ya presha aliyopewa zamani sasa hivi inamzidi. Msiikate wenyewe. Anywe maji ya kutosha, na akitoka kitandani akae kwanza pembeni, achezeshe miguu, ndo asimame.

Choo msikidharau. Tumbo likiwa limelala kidonge kinakaa tumboni hakifiki utumbo mdogo, na huko ndo kinakonyonywa. Wengine ukiwarekebishia choo tu dawa inaanza kuwaka kwa wakati. Na kama anameza vidonge vya madini ya chuma, vikae mbali na levodopa angalau masaa mawili.

Baba Wawili

Naomba niongeze ya kwenye mlango na kitandani maana hayo nimeyasomea shule ya nyumbani, mke wangu ana miaka 8 na ugonjwa huu.

Shem (samahani nimekuita shem, hata sikujui), mwambie mama aache kumvuta. Ukimvuta mtu aliyeganda, mwili wa juu unakuja, miguu inabaki, mnaanguka wote wawili. Mi nilivunjika kidole kwa hiyo elimu. Akiganda, wote mnasimama. Anavuta pumzi, anahamisha uzito mguu huu, mguu huu, kama anapima, halafu anapiga hatua moja KUBWA. Maneno yasiwe mengi, usimwambie "twende twende haraka", ukimharakisha unaongeza gundi. Mi naweka mguu wangu mbele yake kwa kulala, namwambia ruka huo, anaruka anaendelea. Ajabu ni kwamba mtu hawezi kutembea sakafu tupu lakini kuruka kitu anaweza, nimeambiwa ni kwa sababu ukimpa alama ya kuangalia anatumia njia nyingine ya ubongo badala ya ile iliyoharibika. Mlangoni na kwenye korido nimebandika utepe wa rangi, mistari ya kukatisha kama ngazi iliyolala, hatua moja mstari mmoja. Wengine ni mdundo, anahesabu moja mbili moja mbili au anaimba moyoni, mke wangu mdundo ndo unamfaa kuliko mistari. Na kugeuka asizunguke papo hapo kwa kisigino, azunguke kwa duara pana kama gari kubwa. Na asibebe kitu mikono miwili huku anaongea, akili yake inatakiwa iwe kwenye miguu.

Kitandani, shuka la kuteleza sehemu ya kiunoni, zile za satini, na nguo ya kulalia ya kuteleza (moja kati ya hivyo, ukiweka vyote viwili mtamwokota sakafuni, msinicheke). Blanketi zito ondoa. Kujigeuza kuna hatua zake, anakunja magoti kwanza, anayaangusha upande anaotaka kwenda, mabega yanafuata. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alitufundisha kwa nusu saa tu, nikasikitika kwamba tumekaa miaka mitatu tunasukumana kama magunia. Ulizeni na kama anapiga mateke na kupiga kelele usingizini, mke wangu alikuwa ananipiga ngumi usingizini miaka mingi kabla hata ya kutetemeka, na pua yake ilikuwa imeshaacha kunusa, kumbe vyote ni ugonjwa ule ule unakuja kimyakimya.

Sasa nina jambo ambalo nilisita kuliandika. Kama daktari atamwongezea mzee dawa za kundi la pramipeksoli au ropiniroli, zinasaidia kweli kupunguza yale mapengo, lakini mkae macho na tabia. Mke wangu, mwanamke mtunzaji kuliko mimi, alianza kucheza kamari kwenye simu usiku. Miezi mitano. Mi nilidhani ni huzuni, au ana mtu. Tuligombana vibaya sana, nikasema maneno ambayo siwezi kuyarudisha. Ni mwanetu aliyesoma karatasi ya ndani ya boksi la dawa akakuta imeandikwa mle mle: kamari, manunuzi, kula ovyo, tamaa ya ngono. Dawa ikapunguzwa taratibu, na ile hamu ikaondoka kama mtu amezima redio. Hela haikurudi, lakini ndoa ipo. Kwa hiyo mkiandikiwa hiyo, ulizeni mapema, na mgonjwa mwenyewe aambiwe bila aibu ili akiona inamjia aseme. Pia zinaweza kumlaza mtu ghafla, kama anaendesha gari litazameni hilo.

tiba_asilia

Mimi niliongea ninachokijua. Ila hilo la kutokata ghafla sikujua kwa kweli. Mjomba aliumwa sana ile wiki ya kwanza tukasema ni sumu inatoka.

MtuWaDirishani

Haikuwa sumu inatoka mkuu. Mshukuruni Mungu. Mpelekeni aonwe, na aende na ule unga, daktari auone.

sauti_ndogo

Mi niseme kidogo tu kuhusu sauti. Mama yangu alikuwa anadhani sisi ndo viziwi. Masikio yake yalimwambia anaongea kawaida kumbe ananong'ona. Mtaalamu wa mazungumzo alimfundisha kitu kimoja, ongea kama unapiga kelele, hicho unachokiona kelele ndo kawaida yetu. Aaaa ya nguvu na ndefu, kila siku, mara nyingi. Majirani walizoea. Na akianza kupaliwa na maji au kukohoa kila akila mseme haraka, chakula kikiingia njia ya hewa kinaleta nimonia na wengi wanaondokea huko.

MkonoWaKushoto

Na mazoezi jamani, mmeyasahau. Sio ya kujinyoosha tu, ya kukutoa jasho, akiwa kwenye saa zake za kuwaka. Kutembea haraka kwa hatua kubwa, baiskeli ya kukaa pale pale kama hana usawa, kucheza muziki, wengine wanapiga begi la ndondi. Mi siku tatu nisipofanya najijua. Hamna dawa mpaka leo iliyothibitika kuzuia ugonjwa usiendelee, kwa hiyo ukiniuliza ni nini nakishika kwa mikono miwili, ni saa za dawa na mazoezi.

binti_mlezi

Wakuu nimerudi, wiki tano zimepita, samahani kwa ukimya.

Plasil na sinarizini ziliondolewa. Presha akiwa amelala ilikuwa 138, akisimama 109, dawa yake ya zamani imepunguzwa nusu na lile giza limepungua sana. Tulienda na daftari, daktari alilisoma lote kimya halafu akacheka, akasema hilo ndo angependa kila mtu aje nalo. Hakumwongezea mzee dozi kubwa kama nilivyoogopa, alichofanya ni kuzisogeza, sasa anameza mara 5, saa 12 asubuhi, saa 3 na nusu, saa 7, saa 10 na nusu na saa 2 usiku, kila mara kiasi kidogo kidogo, na cha kulalia kimoja kile kinachoyeyuka taratibu, tumeambiwa hicho hakisagwi wala hakitafunwi. Nyama na mayai tumehamishia usiku. Upasuaji wa kuweka nyaya kichwani aliutaja ila akasema bado, kwanza tuone hii ratiba.

Sio kwamba amepona. Bado anazima, kidogo kabla ya dawa inayofuata, na jana mlangoni aliganda tena. Usiku mbili zilizopita aliona watoto wamekaa kwenye kochi, hakuogopa, akaniuliza wamekula. Nimeandika, daktari nimempigia, amesema tusibishane naye na tumwangalie, zikizidi turudi, na akaagiza apimwe mkojo maana maambukizi yanaweza kuleta hayo.

Mdogo wangu sikumwambia kitu. Nilimpa zamu ya kuandika daftari Jumamosi nzima, saa 12 mpaka saa 2 usiku. Jioni akanipa kalamu, akasema mzee anazima dakika 20 kabla ya dawa kila mara, hata mechi ikiwa inaendelea, hata akiwa anacheka. Utepe wa mlangoni ameubandika yeye.

Swali langu la mwisho, akilazwa hospitali kwa jambo lingine hizi saa zetu nani atazifuata?

MkonoWaKushoto

Hakuna, mpaka nyinyi mzisimamie. Andika karatasi moja, jina la dawa, kiasi, saa kamili, na chini yake zile za kutompa. Nakala moja kwenye mfuko wa shati lake, nyingine kwako, nyingine ya mbele kwenye faili siku atakayolazwa. Wodi ina saa zake za kugawa dawa na wao hawana ubaya, wanadhani saa 3 na saa 5 ni kitu kimoja. Mi nilishawahi kulazwa kwa ajili ya ngiri, dozi zangu mbili zikapitilizwa, wakamwita daktari wa viharusi. Nendeni na dawa zenu mkononi, mwombe mapema kama anaweza kumeza mwenyewe kwa saa zake au ndugu abaki pale ampe. Na kama ni upasuaji hataruhusiwa kula, uliza mapema kuhusu dawa tu, mara nyingi wanaruhusu kuimeza na maji kidogo.

Kuhusu wale watoto kwenye kochi, mi nina paka. Sina paka lakini ninaye, tumeshazoeana. Ila umefanya vizuri kumpigia daktari.

Naishia hapa, saa 10 na robo, imebaki robo saa nimeze na kidole kinachoandika kimebaki kimoja.